Nanyi Mtie Saini Kitabu cha Wageni

Kwenu Waheshimiwa mliokabidhiwa majina yetu, picha zetu na alama za vidole vyetu: mlioko wizarani, mlioko bungeni, nanyi mnaokaa mbele ya kompyuta za masjala. Salamu za heshima kutoka Morogoro.

Mimi ni mwalimu wa fasihi. Nafundisha Kiswahili na Kiingereza katika shule ya sekondari, huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa. Nawaandikia kwa sababu ya swali aliloniuliza kijana wa kidato cha tano. Nilishindwa kulijibu, nikaenda nalo nyumbani, na hadi leo halijaniacha.

Kila Ijumaa baada ya vipindi huwa tunabaki darasani kusoma vitabu ambavyo havimo kwenye muhtasari wa somo. Muhula uliopita tulisoma 1984, riwaya ya George Orwell. Nakala ni moja, ya kwangu, na haina jalada tangu nilipoinunua kwa muuza vitabu wa barabarani. Kwa hiyo nasoma kwa sauti Kiingereza chake, kisha tunakisimulia kwa Kiswahili, kila mmoja akichangia neno. Kile chombo cha ukutani kinachotangaza kutwa nzima na papo hapo kinakutazama na kukusikiliza, tulikiita runinga yenye macho. Hapo hatukubishana. Jina la mtawala ndilo lililotugombanisha. Tuliandika ubaoni Kaka Mkubwa, na msichana mmoja wa dawati la mbele akakataa katakata. "Mwalimu, kaka mkubwa ndiye anayenilipia ada. Huyu tumtafutie jina lingine."

Tukajaribu Bwana Mkubwa. Tukajaribu Mtukufu. Yote yalikuwa majina ya mtu wa kuogopwa tangu mbali, na mtu wa kuogopwa unamfungia mlango. Kaka mkubwa humfungii. Akija usiku unampisha kitanda, akiuliza una shida gani unamweleza zote. Tulipofika hapo darasa lilielewa kwamba Orwell hakukosea kuchagua neno la kifamilia, na yule msichana mwenyewe ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, basi liacheni hilohilo.

Sasa swali. Mhusika mkuu, Winston Smith, amenunua daftari la zamani lenye karatasi nzuri, anajibana kwenye kona ambayo ile runinga haiifikii, anaandika yaliyo moyoni. Akimaliza anachukua chembe ya vumbi jeupe kwa ncha ya kidole na kuiweka pembeni mwa jalada, ili mtu akiligusa daftari, ile chembe ianguke, yeye ajue. Baadaye sana, akiwa mikononi mwa polisi wa utawala ule, ndipo anapofahamu kwamba wamekuwa wakimwangalia kwa miaka saba. Hata ile chembe ya vumbi waliirudisha mahali pake kwa uangalifu.

Darasa lilinyamaza. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa nini hakwenda kuuliza ni nani aliyekuwa anamwangalia?"

Wenzake walimcheka, maana swali lilionekana la kitoto. Mimi nilisimama na chaki mkononi nikitafuta jibu ndani ya kitabu. Angekwenda ofisi gani? Katika riwaya nzima hakuna dirisha hata moja ambalo mtu anaweza kusimama mbele yake akasema: naomba kujua nani amenitazama, lini, na kwa sababu gani. Zipo wizara nne kubwa, majengo yake yanaonekana kutoka kila upande wa jiji, na hakuna hata moja yenye dirisha hilo.

Waheshimiwa, wengi wakisikia habari za kitabu hiki wanafikiria kamera. Kilitoka Juni 8, 1949. Mwandishi alikimalizia katika kisiwa cha Jura huko Uskoti akiwa anakohoa kifua kikuu, na Januari 1950 alikuwa ameshafariki. Hakuwahi kuona simu ya kiganjani. Vifaa alivyovibuni vimepitwa, na vijana wangu wanaviona vikubwa na vizito. Ila bado wanakisoma na kutetemeka, kwa sababu ya jambo ambalo halihitaji kifaa chochote: upande mmoja unaona kila kitu, upande wa pili haujui hata kama unaonwa.

Kabla sijaendelea niseme wazi kwamba siwaandikii kupinga vitambulisho. Nakumbuka tulivyokuwa tukisumbuliwa na ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", na najua kwa nini mwaka 2019 tuliambiwa laini zote zisajiliwe kwa alama za vidole. Nilipanga foleni kama wengine. Tarehe ya mwisho ilikuwa Desemba 31, ikasogezwa hadi Januari 20, 2020, na bado watu walikuwa wamejaa. Mbele yangu alikuwepo bibi mmoja aliyetoka shamba. Kila akiweka kidole, mashine haisomi. Anakisugua kwenye khanga, anakiweka tena, haisomi. Wakamjaribu kidole kimoja baada ya kingine. Akamwambia yule kijana wa usajili, "Mjukuu wangu, vidole hivi jembe limevila." Kijana akacheka kwa huruma, akamshikia mkono, akaukandamiza taratibu mpaka taa ikawaka. Bibi akauliza, "Na hii alama yangu inakwenda wapi?" Kijana akamjibu, "Kwenye mfumo, bibi." Na bibi, kwa nia njema kabisa, akauliza, "Huyo Mfumo anakaa wapi?"

Watu wakacheka hapo pia. Leo nayaweka pamoja maswali hayo mawili, la bibi na la yule kijana wangu, na naona ni swali moja. Ninalo na la kwangu.

Miaka michache iliyopita nilikwenda ofisi moja kurekebisha jina la marehemu mama yangu, ambalo karatasi moja ilikuwa na R na nyingine L. Getini mlinzi alinisogezea kitabu cha wageni, kile kikubwa chenye mistari ya rula, kalamu imefungwa kwa uzi isiondoke. Tarehe, jina, unakotoka, namba ya simu, unamwona nani, shida yako, saini. Nilijaza safu zote. Sioni ubaya. Anayeingia kwenye ofisi ya watu ajulikane. Ndani nilihudumiwa vizuri na nikatoka na karatasi yangu.

Usiku wa pili yake, saa nne, simu yangu ikaingiza ujumbe kutoka namba nisiyoifahamu. "Mambo mwalimu. Ile picha ya kitambulisho haikutendei haki. Kumbe ndoa yenyewe haikudumu."

Namba yangu ya simu angeweza kuitoa getini. Lakini picha ya kitambulisho haimo kwenye kitabu cha getini, wala habari za ndoa yangu. Mtu alikuwa amefungua jalada langu, akaniangalia uso, akasoma yaliyonipata nikiwa na miaka ishirini na sita ambayo sijawasimulia hata walimu wenzangu. Nilikaa kitandani taa ikiwaka. Asubuhi nilirudi kuuliza. Nilijibiwa kwa upole kwamba hapo hakuna anayeweza kujua nani alifungua jalada la nani. Nikafuta ujumbe, nikabadilisha laini, nikanyamaza.

Tulipofika kwenye ile chembe ya vumbi, Ijumaa ile, ndipo nilipoelewa kilichoniuma. Yule mtu alijitaja mwenyewe. Angenyamaza, nisingejua kamwe. Sasa sijui ni wangapi wengine waliofungua, wakasoma, wakairudisha chembe mahali pake.

Najua lipo jibu la haraka: asiye na hatia hana cha kuogopa. Nawaomba msome habari za Parsons, jirani yake Winston. Huyu hana upinzani wowote. Anakipenda chama kinachotawala, anajitolea kwa kila shughuli, anatoka jasho kwa ajili yake. Anakamatwa kwa maneno aliyoyasema usingizini, na aliyemsikia kupitia tundu la kitasa ni binti yake mwenyewe wa miaka saba. Akiwa mahabusu Parsons anasema anajivunia mtoto wake. Niliposoma kipande hicho wanafunzi hawakutazamana.

Nililelewa kijijini enzi za balozi wa nyumba kumi, utaratibu ulioanza miaka ya 1960. Mgeni akilala kwetu, asubuhi baba alipita kwa balozi kutoa taarifa: ni fulani, mtoto wa fulani, ametoka sehemu fulani, atakaa siku tatu. Balozi alijua mengi, mengine hata hayakumhusu, na maneno yalitembea. Siwezi kusema kila balozi alikuwa mtu wa haki. Lakini alikaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Tulimjua mkewe, tulijua baiskeli yake, tulijua anakopa wapi sukari. Siku moja lilitoka neno baya juu ya dada yangu, na baba akavaa kanzu akaenda kwake jioni ileile. Sauti zilipanda, tukazisikia tukiwa uani. Kesho yake neno likafutwa, na balozi akaja kumsalimia dada. Baba alijua mlango wa kugonga. Bibi wa foleni alikuwa akitafuta mlango huohuo.

Kabla ya Orwell alikuwepo Mrusi, Yevgeny Zamyatin, aliyeandika riwaya iitwayo Sisi mwaka 1920 na 1921. Watu wake wanaishi katika nyumba za kioo na hawana majina, wana herufi na namba. Msimulizi anaitwa D-503. Mapazia wanaruhusiwa kuyashusha kwa saa maalumu na kwa kibali tu. Sisi tuliofundishwa kubisha hodi na kungoja karibu tunaweza kuielewa nyumba ile kuliko wasomaji wengi, kwa maana nyumba ya kioo haina hodi. Namba yangu ya kitambulisho ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe yangu ya kuzaliwa, na sioni aibu kuwa nayo. Ninachoogopa ni kioo kile kuwa kimewekwa upande wangu peke yangu. Nchini kwake riwaya hiyo haikuchapishwa hadi 1988. Mwaka 1931 Zamyatin alimwandikia Stalin barua ya kuomba aruhusiwe kuondoka. Aliruhusiwa, akafia Paris mwaka 1937. Nami naandika barua, ila siombi kuondoka. Nipo hapahapa na nitazikwa hapahapa.

Yaliyoandikwa na hao wawili yalikuja kuonekana kwa macho. Ujerumani Mashariki kulikuwa na wizara ya usalama ambayo ilipofika mwaka 1989 ilikuwa na wafanyakazi wapatao 91,000, mbali na watoa habari wa siri zaidi ya 170,000, katika nchi yenye watu kama milioni 16. Majalada yake ukiyapanga yanafika kilometa 111. Kitabu cha Orwell kilipigwa marufuku huko, na wenye marufuku hiyo walijua kwa nini. Utawala ulipoyumba, maofisa wakaanza kuchana majalada. Januari 15, 1990 wananchi waliingia makao makuu Berlin, na yale yaliyochanwa yakahifadhiwa katika maelfu ya magunia, yakaanza kuunganishwa kipande kwa kipande, kwa mkono.

Kilichofuata ndicho ninachotaka mkitazame. Mwaka 1991 bunge la Ujerumani lilipitisha sheria kwamba kila mtu ana haki ya kulisoma jalada lake, na kuanzia Januari 1992 watu wakaanza kupanga foleni. Vera Wollenberger, mwanaharakati aliyekuwa mbunge wakati huo, alikuta kwamba aliyekuwa akipeleka habari zake ni mume wake mwenyewe. Yaliyomo katika majalada yale yalivunja nyumba na urafiki wa miaka mingi. Hata hivyo maombi ya wananchi yamezidi milioni 3. Watu walichagua kuumia wakijua. Nami ningechagua hivyo. Ningependa kujua jina la yule wa saa nne usiku, hata kama ni la mtu ninayesalimiana naye kanisani.

Simaanishi kwamba Tanzania ni Ujerumani Mashariki. Tunayo Katiba ambayo ibara ya 16 inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake. Mlitunga jambo jema, na wanaotutazama siku hizi si serikali tu. Mwalimu mwenzangu alikopa kwenye programu ya simu, akachelewa siku mbili, na asubuhi moja simu zetu zote katika ofisi ya walimu zililia kwa pamoja: picha yake, jina lake, na neno tapeli. Programu ilikuwa imechukua orodha yote ya watu aliowahifadhi kwenye simu. Hakuja kazini wiki nzima. Mwishoni mwa 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni, na ofisini kwetu tuliisoma kwa shukrani.

Sheria inampa mwananchi haki ya kuzijua taarifa zake zilizohifadhiwa. Naomba msogee hatua moja mbele. Mnipe haki ya kujua nani amezifungua.

Nikija ofisini kwenu natia saini kitabu cha wageni. Mkiingia kwenye jalada langu, nanyi tieni saini. Tarehe, jina la ofisi, cheo cha aliyefungua, alichokitafuta, sababu. Na kitabu hicho mimi mwenye jalada nikisome bila kuomba barua ya mtu. Kama upo upelelezi wa jinai unaoendelea, safu hiyo ifunikwe kwa amri ya mahakama na kwa muda uliowekwa, kisha ifunuliwe.

Msiniambie haiwezekani. Estonia, nchi ndogo yenye watu kama milioni 1.3, iliyokaa chini ya Wasovieti na inayojua vizuri maana ya kuandikwa na usiyemjua, inao utaratibu huo: mwananchi anaingia kwenye tovuti ya serikali na kuona ni taasisi gani iliyoulizia habari zake na lini. Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Hapa kwetu tunabonyeza *106# na kuona ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chetu. Bibi yule wa foleni, kama mjukuu wake atamshikia simu, anaweza kufanya hivyo akiwa amekaa juu ya kigoda. Tuongezeeni namba moja nyingine kama hiyo, ya kumwonyesha nani alikitazama kidole chake.

Na kitabu hicho kisikae mikononi mwa wanaokitia saini. Hili nalisema kama mwalimu aliyefundisha Shamba la Wanyama, riwaya nyingine ya Orwell, kwa Kiswahili cha Fortunatus Kawegere kilichochapishwa 1967. Mnaikumbuka ile sehemu ambapo usiku unasikika mshindo, wanyama wanatoka nje, wanamkuta nguruwe ameanguka chini ya ukuta wenye amri, ngazi imevunjika, kopo la rangi nyeupe limemwagika. Karibu wote hawaelewi maana yake. Baada ya siku chache amri inasomeka tofauti, na wanaona labda ni wao waliosahau. Winston naye kazi yake ya mshahara ilikuwa hiyo: kuandika upya magazeti ya zamani ili yalingane na maneno ya leo, na nakala za mwanzo kutumbukizwa kwenye tundu lenye moto. Kumbukumbu ya nani alifungua jalada langu ikitunzwa na huyohuyo aliyefungua, siku ya siku ukurasa utakosekana. Itunzwe na Tume, au na Mahakama, kwa namna ambayo mstari ukishaandikwa haufutiki, hata kwa amri ya mkubwa.

Ombi langu la pili ni dogo, na ni la mwalimu. Riwaya hizi ziwekwe kwenye maktaba za shule, kwa Kiswahili fasaha, nakala zaidi ya moja. Darasa langu lina vijana 26 na kitabu kisicho na jalada. Baadhi yao ndio watakaokaa kwenye viti vyenu miaka ishirini ijayo, mbele ya hizo kompyuta, peke yao, saa ambazo msimamizi hayupo. Ningependa wakifika hapo wawe wameshakutana na ile chembe ya vumbi.

Yule kijana wa nyuma sasa yuko kidato cha sita. Mtihani wa taifa ni Mei. Juzi alinifuata nje ya ofisi ya walimu akauliza kama nimeshapata jibu la swali lake, nikamwambia nimeandika barua. Akauliza, "Kwa nani, mwalimu?" Nimeahidi kumletea majibu yenu kabla hajafunga begi lake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa fasihi,
Morogoro.